Maswali ya Wasomaji: Mji ni wa kaunti ama wa Nairobi?

Toleo lililopita tuliandika vile miji yetu ya Bonde la Ufa na Magharibi inapanuka kila upande bila mtu kujua nani ameshika kalamu, na sijui tuligusa nini lakini barua zimekuja mpaka simu ya ofisi inakwama, wengine hata wametuma picha za ukuta uliochorwa X nyekundu. Nimechukua chache zinazouliza mambo tofauti. Wale mlitaka nitaje ofisi fulani ama ofisa fulani aliyewakosea, hiyo sitaweza hapa, pelekeni mbele kwa njia ya sheria tu.

SWALI: Habari mzee. Niko na kibanda cha chapo na maharagwe kando ya barabara kubwa ya Nairobi, huku upande wa Free Area. Kila asubuhi mtu wa ushuru anapita, nalipa, ile mashine inatoa risiti, na leseni ya mwaka nayo iko imebandikwa ukutani. Juzi wakaja watu wengine kabisa na rangi, wakachora X, wakasema niko ndani ya barabara. Nikatoa risiti wakacheka. Sasa hii miaka yote nimekuwa nikilipia nini?
*Mama Chapo, Nakuru*

JIBU: Mama pole sana. Ulikuwa unalipia ruhusa ya kuuza, mahali pa kuuzia hukuwahi kulipia, na hakuna mtu alikueleza hiyo tofauti kwa sababu aliyekuwa anachukua pesa hakuwa na haraka ya kukueleza.

Iko hivi. Katiba ya 2010 nyuma kabisa iko na Jedwali la Nne, hapo ndipo kazi ziligawanywa. Barabara kuu za kitaifa ziliwekwa kwa serikali kuu. Barabara za kaunti, taa za mtaani, pakingi, masoko na leseni za biashara zikawekwa kwa kaunti. Hiyo barabara unayopikia kando yake ndiyo A8, inatoka Mombasa inapita Nairobi, Nakuru, Eldoret mpaka Malaba, kwa hivyo hata ikikata katikati ya mji wa Nakuru bado ni ya Nairobi, yaani ya serikali kuu, pamoja na ile nafasi ya wazi huku na huku tunaita hifadhi ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ndiyo ilileta KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa za mijini na KeRRA kwa za mashambani, na hakuna hata moja kati ya hizo tatu iko chini ya gavana. Kwa hivyo yule wa ushuru ni wa serikali moja na yule wa rangi ni wa serikali ingine, na wewe uko katikati na karai ya mafuta moto.

Sasa fanya nini. Kwanza soma notisi yenyewe, si ile X, X si notisi. Angalia nembo iliyo juu, tarehe, siku walizokupa, na kama kuna sahihi, halafu piga picha. Sheria ya Ardhi ilivyorekebishwa 2016 inataka watu walio kwenye ardhi ya umma wapewe miezi mitatu kabla ya kufurushwa. Hapo nisikudanganye, hawa wa barabara huwa wanasoma sheria yao wenyewe na wanasema ya kwao inatosha, kwa hivyo hiyo miezi mitatu ni ya kutetea, usilale ukidhani iko mfukoni. Pili, usiende peke yako. Mkusanyike wote wa hiyo laini mwende kwa kaunti, na msiende kuomba msihamishwe kwa sababu kaunti haina uwezo huo, mwende mkadai mahali pa kuhamia, maana masoko ni kazi yao kabisa kwa Katiba na wamekuwa wakichukua pesa yenu kama watu wa soko. Bebeni risiti. Zile risiti haziwapi ardhi lakini zinaonyesha kaunti ilijua mko hapo na ikanyamaza, na mwanasiasa yeyote anaogopa hiyo karatasi kuliko maandamano.

SWALI: Mimi ni fundi wa masanduku ya bati, Kisumu. Tulibomolewa kwenye ardhi ya reli, tukahamishwa mahali pengine, na huko pia tunasikia ni pa reli. Kila kiongozi akisimama anasema mpango wa jiji unatutambua. Swali langu ni moja, je, reli inatii huo mpango ama haitii?
*Fundi wa bati, Kisumu*

JIBU: Ndugu, ukiuliza hivyo ni kama unauliza mtoto na mama nani alizaa mwenzake. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, wakati hapo paliitwa Port Florence, na mji ndio ulikuja nyuma yake. Hiyo ndiyo sababu ukitoka stesheni ukishuka mpaka ufuoni unakanyaga ardhi ya shirika la reli, ile ardhi tamu kabisa ya biashara, na hati iko kwa jina lao tangu zamani. Ugatuzi ulipokuja 2013 kaunti ilirithi vitu vya baraza la jiji la zamani. Vitu vya reli haikurithi, na reli kwa Katiba ni kazi ya serikali kuu.

Kwa hivyo mpango wa jiji unaweza kusema hapa pawe soko, pale pawe bustani ya umma, huku flati, na huo mpango uko na nguvu ya sheria, hakuna mtu anafaa kujenga kinyume chake. Lakini mpango unasema ardhi itumike namna gani, hausemi nani akae hapo. Mwenye hati ndiye anasema. Kaunti inaweza kukupakia rangi ya eneo la mafundi wa jua kali kwenye ramani na bado usiwe na funguo. Watu wa Kisumu wanakumbuka Februari 2021 huko Kibos, nyumba za jamii ya Wanubi zilivyobomolewa kwa ajili ya reli wakati wa korona, familia ambazo zilikuwa hapo vizazi na vizazi, na kaunti ilibaki kulalamika kama raia mwingine yeyote.

Na si Kisumu peke yake. Nakuru upande wa kusini ni mbuga ya wanyama, kaskazini ni kreta ya Menengai na msitu wake, katikati ni reli na barabara kuu, zote ziko mikononi mwa mashirika ya kitaifa. Mpangaji wa kaunti anapewa mji apange halafu anaambiwa hapa usiguse, hapa usiguse, na hapa uulize kwanza. Mimi kwa maoni yangu hapo ndipo Nairobi imekosea zaidi, imetoa kazi ya kupanga ikabaki na ploti. Ingekuwa ni mimi, shirika lolote la serikali lenye ardhi ndani ya jiji lingelazimika kuweka sahihi kwa mpango wa jiji kabla haujapitishwa, na likishaweka lifungwe nao.

Wewe kwa sasa, kabla hujaweka mashine na stima kwa hicho kibanda kipya, uliza karatasi moja tu. Kuna makubaliano gani kati ya shirika na kaunti juu ya hiyo ardhi, ni lizi ama ni maneno ya jukwaani, na ni ya miaka mingapi? Andika barua ukitumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016, wanafaa kukujibu ndani ya siku 21, wakikataa unaenda kwa Ombudsman, ile ofisi ya malalamiko juu ya serikali, bure bila wakili. Kama hakuna karatasi basi jua umehamishwa kwa muda, jenga kitu cha kubebeka.

SWALI: Nilinunua robo eka Kiamunyi ili nizeeke kwa utulivu, sasa jirani anachimba msingi wa flati ghorofa tano na mtaa wetu hauna laini ya maji taka, kila mtu ni shimo lake. Nimeenda kwa ofisi ya naibu kamishna nikaambiwa si kazi yao, nikaenda kaunti nikaambiwa imeshapitishwa. Nimwandikie Waziri wa Ardhi?
*Mwalimu mstaafu*

JIBU: Mwalimu, usimwandikie. Barua yako itarudishwa kaunti na utakuwa umepoteza mwezi, na wewe mwezi huna.

Ruhusa ya kujenga inatolewa na kaunti, hiyo iko wazi kwa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, ile ilifuta ya 1996. Serikali kuu inaweka sera na mpango wa nchi nzima, Tume ya Ardhi inaangalia kutoka juu, naibu kamishna ni wa usalama. Ila kuna milango miwili ya kitaifa kwa hiyo ploti ambayo watu husahau, NEMA kwa mambo ya mazingira, na hapo shimo la choo la flati nzima ni mambo ya mazingira kabisa, na NCA ambayo inasajili wakandarasi na miradi. Pita huko uulize kama mradi unajulikana. Mara nyingi kaunti imepitisha na hao wengine hawana habari.

Lakini mlango wako mkubwa ni rufaa. Sheria inakupa siku 14 upeleke malalamiko kwa kamati ya kaunti ambayo maofisini wanaiita Liaison, na si mwenye ploti tu, hata jirani anayeguswa anaweza. Ukishindwa hapo unaenda korti ya mazingira na ardhi. Ujanja uko kwa hizo siku 14, kwa sababu zinahesabiwa toka uamuzi na wewe uamuzi hukuonyeshwa, kwa hivyo kesho asubuhi nenda uombe nambari ya ile ruhusa na tarehe yake kwa maandishi. Ukikuta hakuna ruhusa kabisa, kujenga bila ruhusa ni kosa, faini mpaka shilingi 500,000 ama kifungo cha hadi miezi miwili ama vyote. Kwa mwenye flati ghorofa tano hiyo faini ni kodi ya wapangaji ya muda mfupi tu, wabunge wangeitazama tena, ila inatosha kusimamisha kazi ukienda mapema msingi haujamwagwa.

Na kuna kipengele kingine hakinipendezi. Mtu akiomba ruhusa na kaunti isimjibu siku 60, inachukuliwa amekubaliwa. Nia ilikuwa nzuri, watu wasizungushwe. Sasa fikiria kaunti yenye wapangaji wa kuhesabu na mafaili yamejaa mpaka dirishani, kunyamaza kwao kunajenga ghorofa.

Wale ambao bado hawajapata jirani wa aina hii, mkiona kile kibao kidogo cha kubadilisha matumizi ya ardhi kimefungwa na waya kwenye ua wa mtu, simameni mkisome. Kwa kawaida kimeandikwa kwa maandishi madogo, jua limekula wino na kichaka kimefunika nusu, na saa ingine kimewekwa upande ambao hakuna mtu anapita. Hicho ndicho kikao chenu na serikali.

SWALI: Tuliambiwa Nakuru ni jiji tukashangilia, lakini mtaani kwangu sijaona tofauti. Jiji ni nini hasa, meya wetu ni nani, na pesa ya jiji inaenda wapi? Ama Nairobi ndio wanakalia pesa yetu?
*Mkazi wa Kaptembwo*

JIBU: Hii ndiyo barua nilikuwa nangojea.

Meya hakuna. Nakuru ilipewa hati ya kuwa jiji na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 1 Desemba 2021, jiji la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kwa watu ilikuwa imehitimu, sensa ya 2019 ilihesabu 570,674 na sheria inataka 250,000 tu kwa jiji. Sheria yenyewe ni ile ya Miji na Majiji ya 2011, ikarekebishwa 2019, nayo inasema jiji liendeshwe na bodi isiyozidi watu 11 pamoja na meneja. Hiyo bodi hamkuipigia kura. Inapitia kwa serikali ya kaunti na bunge la kaunti, inafanya kazi kwa niaba ya kaunti, inatengeneza bajeti halafu inaipeleka kaunti ikakatwe na wengine.

Sasa watu wengi wakiongea ugatuzi wanafikiria vita ni Nairobi na kaunti. Hiyo vita iko, na ni ya kweli, angalia vile magavana na wabunge walivyovutana mpaka kortini juu ya shilingi bilioni 10.5 za kutengeneza barabara. Lakini mimi nasema vita ingine iko karibu na mlango wako na hakuna anayeipigia kelele, ni kati ya makao makuu ya kaunti na mji wenyewe. Ugatuzi ulitoka Nairobi ukafika kwa gavana ukakaa chini.

Fanya hesabu na mimi. Kaunti ya Nakuru iko na wadi 55. Nakuru Town East na Nakuru Town West ukiziweka pamoja ni wadi 11. Hao MCA wengine 44, yaani wawakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, wanatoka Molo, Njoro, Kuresoi, Subukia, Naivasha, Gilgil na kwingineko, na kila mmoja ameahidi watu wake barabara ya murram na zahanati, tena kwa haki kabisa, huko wana shida zao. Siku ya kupitisha bajeti mtaro wa Kaptembwo unashindana na hao 44. Hakuna mtu mbaya hapo, ni hesabu tu.

Zamani kulikuwa na mabaraza 175 nchi nzima, ya miji na ya mashambani, na sheria ya 1998 ilileta ule mfuko wa LATF, asilimia 5 ya kodi ya mapato inaenda moja kwa moja kwa mabaraza. Moja kwa moja, sio kupitia kwa mtu. Juu ya hiyo mji ulikuwa na rates zake, ile kodi ya ploti, na nyumba zake za kanju. Sisemi turudi huko, nani amesahau wale madiwani, na pia Waziri wa Serikali za Mitaa akiamka vibaya angevunja baraza lenu, Nairobi yenyewe ilikaa chini ya tume toka 1983 hadi 1992 bila baraza la kuchaguliwa. Ile ilikuwa Nairobi kukalia miji kabisa. Lakini ona vile tulibadilisha, Katiba ikasema kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na kwa mji haikutaja asilimia yoyote. Mji ukabaki kungojea kaunti ikijisikia.

Na bodi zenyewe unajua zilikuja vipi kaunti nyingi? Sheria ilikuwa hapo tangu 2011 na watu wamelala. Ikaja ile programu ya kusaidia miji, KUSP, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300, na sharti ni kwamba hakuna pesa mpaka mji uwe na hati ya mji, bodi na meneja. Ghafla kila kaunti ikapata bodi. Mimi hiyo inaniuma, kwamba sheria yetu wenyewe ilingojea masharti ya mkopo ndio itekelezwe, ingawa pia nakubali zile barabara za lami, mitaro na taa zilizotoka kwa hiyo pesa zimeonekana katika miji mingi.

Kwa hivyo usiulize tu gavana amefanya nini. Uliza bajeti ya bodi ya jiji mwaka huu iko wapi na kaunti imetoa ngapi ya hiyo. Sheria hiyo ya miji iko na sehemu ya vikao vya wakazi, mnaruhusiwa kukaa na kupeleka mapendekezo kwa bodi, na bodi inafaa kuyajibu. Ni watu wachache sana wanaotumia hiyo nafasi, wengi wanangoja kampeni.

SWALI: Je, Rais anaweza kuchukua mipango ya Kisumu ama Nakuru vile ilifanywa Nairobi?
*Mdau, Kondele*

JIBU: Kuchukua kwa nguvu hapana. Nairobi, Februari 2020, gavana wa wakati huo Mike Sonko alitia sahihi makubaliano, kazi nne zikaenda serikali kuu, mipango ikiwa moja yao pamoja na afya, uchukuzi na ujenzi wa umma, na ikaundwa NMS, ofisi ya serikali kuu ya kuendesha hizo kazi, chini ya jenerali. Kifungu cha 187 cha Katiba kinakubali serikali moja kuhamishia ingine kazi, kwa makubaliano, na hata ikihama wajibu wa kikatiba unabaki kwa mwenyewe. Baada ya uchaguzi wa 2022 kazi zilirudi. Kwa hivyo bila sahihi ya gavana wenu hakuna kitu. Sasa sahihi hupatikana vipi, hiyo ni siasa, na Nairobi tuliona gavana akiwa na kesi kortini ndipo kalamu ikapatikana.

SWALI: Mvua ikinyesha maji yanatoka kwa barabara kuu yanaingia kwa nyumba zetu. Kaunti wanasema ni ya barabara, wa barabara wanasema ni ya kaunti.
*Mpangaji, Pipeline, Nakuru*

JIBU: Wote wanasema nusu ya ukweli. Maji ya mvua ndani ya mji ni kazi ya kaunti, Jedwali la Nne limetaja wazi. Lakini mtaro na kalavati za barabara kuu ni za mwenye barabara. Nendeni mvua ikiwa imekatika mtazame pale kalavati inapotokea. Kama imeishia hewani na chini yake udongo umechimbika shimo na hakuna mtaro unaoendelea, basi mmoja alimaliza kazi yake kwa mpaka na mwingine hakuanza. Pigeni picha hapo hapo mpaka wa kalavati na mtaro uonekane, barua iwe moja, majina ya ofisi zote mbili yawe juu ya hiyo barua moja. Mkiandika mbili kila mmoja atajibu ya kwake. Kifungu cha 189 cha Katiba kinawalazimu washirikiane, kinukuuni.

SWALI: Kikao cha maoni juu ya mpango wa manispaa yetu kiliitwa Jumanne saa tatu asubuhi, hotelini. Mimi niko kazini. Nimeshapoteza nafasi?
*Kijana wa M-Pesa, Kakamega*

JIBU: Hujapoteza, kikao ni njia moja tu. Maoni ya maandishi yanakubaliwa mpaka tarehe iliyo kwenye tangazo, nenda uiangalie kwa gazeti ama kwa ubao wa ofisi ya wadi. Usiandike hadithi ndefu. Taja ukurasa ama nambari ya ramani, ploti ama barabara unayozungumzia, na unataka ibadilishwe iwe nini. Chapisha nakala mbili, waachie moja, na hiyo ingine wakupigie muhuri wa kupokea na tarehe kabla hujatoka kwa hiyo ofisi.